Wifi Mwenye Miguu Minne

Mama mkwe wangu ana wifi mmoja tu, na wifi huyo ni farasi.

Simtukani mtu. Jina hilo alilitoa yeye mwenyewe. Baba mkwe, enzi za uhai wake, alirudi nyumbani siku moja akimvuta farasi jike mchanga wa rangi ya majivu, na kabla hata hajamfunga, yule farasi alinyoosha shingo akamvua mama mkwe kilemba. Mama mkwe akamtazama mumewe, akamtazama farasi, akasema, "Sawa. Umeniletea wifi." Tangu hapo ni Wifi. Tukifuata ukoo, mume wangu anapaswa kumwita shangazi, na mwanangu ambaye bado ananyonya anapaswa kumwamkia. Tunamwamkia. Hajawahi kuitikia.

Nyumba yetu iko chini ya mlima. Mbele ni duka la mikate, nyuma ni tanuri, na katikati kuna ua wenye pipa la maji na ngazi fupi ya mawe. Mama mkwe ndiye mwoka mikate. Kila asubuhi alikuwa akipakia makapu mawili, moja huku na moja huku, anapanda Wifi, anakwea njia nyembamba hadi juu kabisa, kwenye jiko la wakata mawe. Njia ile ina nyumba upande mmoja tu. Upande wa pili ni ukuta mfupi, na chini ya ukuta ni korongo. Basi alikuwa anakwea akigawa mikate mlango kwa mlango, na kila mlango ukimlipa pia kwa habari. Akirudi saa ya chai, sisi tulikuwa tunajua nani kaota jino, nani kagombana na nani, na nani anajifanya mgonjwa.

Halafu akateleza. Ulikuwa unga uliomwagika mlangoni mwa tanuri, unga wake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko nyonga. Nyonga ilipona, akatembea, akakanda unga kama zamani. Lakini nyonga hiyo, ya kushoto, haikutaka tena kufunguka. Daktari alimwambia asikae mahali popote pa kupanua miguu, na mgongo wa farasi ni mahali hapo hasa.

Mume wangu, ambaye ni fundi viatu na kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka letu, akafanya anachofanya mtoto mwema. Alimtafutia mama yake mapumziko. Kulikuwa na jirani mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, aliyekubali kupeleka mikate kila siku. Tatizo ni kwamba chombo chake hakipiti kwenye ile njia nyembamba. Kingezunguka kwa barabara kubwa hadi kwa wakata mawe, na watu wa njiani wangeteremka kona kujichukulia mikate yao. Na Wifi angeuzwa.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo huku akichekecha unga. Alipomaliza alisema kwamba yeye atakaa upande.

"Upande gani, mama?" mume wangu akauliza.

"Upande wa farasi. Miguu yote huku. Kuna wanawake wanakaa hivyo, nimewaona kwenye picha."

Walibishana kwa adabu hadi mikate ikaanza kunukia kuungua. Mwisho mume wangu alikubali masharti: mpaka mwisho wa mwezi. Akiweza kwenda juu na kurudi salama, na farasi asiwe na kidonda, basi njia ni yake. Akishindwa, jirani aanze kazi. Mume wangu alikubali kwa sababu alijua hawezi. Ninamfahamu. Akikubali jambo haraka huwa ameshaliona mwisho wake.

Mwalimu alipatikana ng'ambo ya barabara. Ni mzee aliyekuwa askari wa farasi, na watu wote wanamwita Koplo, ingawa mwenyewe husema, kila anapopata nafasi, kwamba alistaafu akiwa sajini. Kazini kwao kulikuwa na mke wa mkuu wao aliyekuwa akipanda upande siku za gwaride, na Koplo ndiye aliyekuwa akimtandikia.

"Mimi sijawahi kukaa hivyo," alituambia wazi. "Lakini nilikuwa nasimama chini nikitazama. Na makosa yanaonekana vizuri ukiwa chini."

Tandiko lilikuwa kazi ya mume wangu. Alichukua tandiko la zamani la baba yake, akalifumua, akaliongezea pembe mbili za mbao zilizovishwa ngozi. Ya juu ni ya kupitishia paja la kulia. Ya chini imepinda kama mpini wa mwavuli, na paja la kushoto linaingia chini yake ili mtu asirushwe. Kikuku, kile chuma cha kutilia mguu, kilibaki kimoja tu, cha kushoto. Lilikuwa tandiko zuri sana, limeshonwa kama kiatu cha bwana harusi. Tatizo ni kwamba lilishonwa kama kiatu.

Koplo aliliweka mgongoni mwa Wifi, akafunga mkanda wa tumbo, akajaribu kupenyeza vidole vyake chini ya ngozi pale nyuma ya mabega. Havikupita. Wifi akalaza masikio.

"Linabana," Koplo akasema.

"Ndiyo," mume wangu akajibu kwa furaha. "Kiatu kipya lazima kibane kidogo. Litaachia."

"Litaachia wapi, fundi? Kiatu ni ngozi tupu. Humu ndani kuna mbao."

"Litaachia tu."

Mama mkwe hakugeuka hata kumtazama. "Muulize mkeo habari za kuachia," alisema.

Mimi nikajifanya namfuta mtoto mdomo. Viatu vyangu vya harusi, ambavyo mume wangu alivishona kwa mkono wake na kwa mapenzi yote, viko juu ya kabati tangu siku ile. Vinasubiri kuachia. Kidole changu kidogo cha mguu bado kina alama. Mume wangu ghafla akaona kwamba kuna msumari unaohitaji kutafutwa chini ya meza.

Ndipo mama mkwe alipotoa wazo la unga. Alisema kuwa haina maana kupima mgongo kwa kamba, kwa sababu kamba inakwambia urefu lakini haikwambii umbo. Alikanda donge gumu, lisilo na hamira, akaliviringisha kuwa mkongojo mnene, akatandika kitambaa mgongoni mwa Wifi na kuulaza unga huo juu yake, kutoka bega moja hadi jingine. Wakaubonyeza taratibu mpaka ukashika kila kinundu. Kisha wakauinua wote watatu kama watu wanaobeba nyoka aliyelala, wakaulaza juu ya ubao, wakaukausha mdomoni mwa tanuri. Walifanya hivyo tena nyuma kidogo, na tena pale kiuno kinapoanza.

Mume wangu aliyatazama yale matao ya unga mkavu kwa muda mrefu. Bega la kushoto la Wifi lilikuwa limejaa kuliko la kulia.

"Kama miguu ya watu," akasema polepole. "Mmoja huwa mkubwa."

Hapo akawa amerudi nchini kwake. Alifumua tandiko bila kuambiwa na mtu, akapanua mbao kwa mbele, akajaza sufu nyingi upande wa kulia na kidogo upande wa kushoto ili likae sawa. Alipomaliza, mkono wa Koplo ulipita chini yake wote, mbele na nyuma, na katikati juu ya uti wa mgongo kukabaki uwazi ambamo ungeweza kuona mwanga ukitokea upande wa pili. Wifi akashusha kichwa akapumua. Yale matao ya unga mume wangu aliyaanika dirishani kama kumbukumbu ya kazi nzuri. Asubuhi yalikuwa hayapo. Wifi alikuwa amenyoosha shingo akayala yote, mabega na kiuno. Nadhani ni yeye peke yake duniani aliyewahi kula mgongo wake mwenyewe.

Sasa ikaja zamu ya mpandaji.

Siku ya kwanza mama mkwe alipanda kutoka kwenye ngazi ya mawe, akakaa, akatugeukia kwa tabasamu. Miguu iko kushoto, magoti yako kushoto, kifua kiko kushoto, na mikono imelazwa mapajani. Alikuwa amekaa kama mtu aliye kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa jina.

"Mama," Koplo akasema, "farasi anaelekea wapi?"

"Mbele."

"Na wewe?"

Mama mkwe akafikiri. "Mlisema nikae upande."

Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwenye hilo neno. Sote tulikuwa tumelisema mara nyingi mpaka likamwingia mwilini. Koplo alilazimika kulifuta. Alimweleza kuwa miguu tu ndiyo iko upande. Kiuno, mabega na pua vinatazama katikati ya masikio ya farasi, kana kwamba mguu mmoja uko huku na mwingine kule. Uzito unakaa kwenye paja na tako la kulia. Bega la kulia linarudi nyuma, kwa sababu lenyewe daima linataka kuja mbele kuchungulia. Na kikuku si ngazi. Mguu unatulia ndani yake tu. Ukikikanyaga, unavuta tandiko lote kushoto.

Maneno hayo yote mama mkwe aliyaitikia, wala hakuna hata moja lililofika kiunoni. Mwisho Koplo alichoka kueleza. Alilitoa tandiko mgongoni mwa Wifi, akalifunga juu ya pipa la unga, akapanda yeye. Mzee wa masharubu, askari wa zamani, miguu yote imebanana upande mmoja, goti la kulia juu ya pembe, mgongo umenyooka kama fito, kidevu juu, mkono mmoja umeshika hatamu za hewani. Alikaa vizuri mno. Alikaa kama malkia. Mama mkwe alicheka hadi akashika nyonga.

"Cheka," Koplo akasema bila kugeuza bega. "Lakini tazama kitufe cha shati langu kilipo."

Mama mkwe akatazama kitufe. Kilikuwa katikati kabisa ya pipa. Nafikiri kitufe ndicho kilichomfundisha. Siku zilizofuata alishona kitufe chekundu kifuani mwa aproni yake, na kila alipozunguka ua alikuwa anainamisha macho kidogo kukitazama kama kiko juu ya shingo ya Wifi. Wiki ile ya pili alikuwa anazunguka pipa la maji mbele na nyuma, mwendo wa pole na mwendo wa haraka kidogo, kitufe katikati. Hata mume wangu alitoka kibandani na kiatu cha mtu mkononi, akatazama, akarudi ndani. Nilimwona ana wasiwasi wa mtu aliyekubali jambo haraka.

Wakati huo mimi nilikuwa na vita vyangu. Mwanangu alikuwa amechagua ziwa. Alitaka la kushoto tu, na la kulia alikuwa analisukuma kama mtu aliyepewa chakula cha jana. Nikawa nimeelemewa upande mmoja, na tena nikizoea kumbeba huko huko, mpaka nguo zangu zote zikawa zinakaa mshazari. Mama mkwe aliniona nikihangaika, akaniambia huku akipaka mafuta vyombo vya kuokea, "Anza naye na lile asilolitaka, akiwa bado na njaa. Akishashiba ndipo anapata nguvu za kuchagua." Nilifanya hivyo. Alilia, akanitazama kama nimemsaliti, akanyonya.

Basi siku ya jaribio ikafika. Makapu yakapakiwa mikate ya moto, huku na huku sawasawa, yakafungwa nyuma ya tandiko. Mama mkwe akapanda, kitufe katikati. Koplo akatembea kando, mimi nyuma na mtoto mgongoni, na mume wangu akafunga kibanda akaja pia, kama hakimu.

Mlango wa kwanza ni wa kinyozi. Kinyozi huyu amekula mkate wa kwanza wa kila asubuhi tangu ajue kushika wembe, na anaamini ni haki yake ya kuzaliwa. Alikuwa amesimama kizingitini na sahani. Alipomwona mama mkwe amerudi juu ya Wifi, alifurahi kweli, akaanza kumsimulia habari zote zilizolimbikizana tangu nyonga iumie. Na mama mkwe, ambaye naye alikuwa na njaa ya habari, akainama.

Milango yote ilikuwa kushoto kwake. Miguu yake ilikuwa kushoto. Aliinama kutoa mkate, akakanyaga kikuku ili afike, bega la kulia likaja mbele kusikiliza. Kwa kinyozi kitufe kilitoka katikati. Kwa fundi saa kilikuwa juu ya bega la Wifi. Kwa mama mmoja mwenye mapacha, ambao ilibidi wote wawili wasifiwe mmoja mmoja, kitufe kilikuwa kinatazama ardhi. Koplo alikuwa anaita, "Bega, mama, bega," na mama mkwe anajibu, "Naam, naam," kisha anamuuliza mtu hali ya mkwe wake.

Karibu na nusu ya njia tandiko likazunguka. Halikuanguka, liliteleza polepole, na mama mkwe akaenda nalo polepole, akiwa bado anaongea, mpaka Wifi akasimama mwenyewe na kugeuza shingo kumtazama. Koplo alimdaka begani, akamsukuma juu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kabati lisianguke. Mikate ikamwagika kwenye mawe. Mtu mmoja akacheka, halafu akainama kuiokota.

Mume wangu hakufoka. Afadhali angefoka. Alimshusha mama yake kama anavyomshusha mwanangu kitandani, akasema, "Inatosha, mama. Nitamwambia jirani aanze keshokutwa." Tukarudi kwa miguu. Wifi alikuwa na alama mbichi upande wa kushoto wa mgongo, manyoya yamesuguliwa, ingawa ngozi haikuchubuka.

Mchana ule nilikaa ndani ya chumba cha tanuri, namnyonyesha mtoto. Mama mkwe alikuwa anakanda unga wa kesho na haongei. Kwa kawaida huwa anausemesha unga, anautukana kidogo. Siku ile alikuwa anaupiga tu. Baadaye akasema, na sijui kama aliniambia mimi,

"Nitakuwa mama wa dirishani. Nitakaa pale mbele niwaulize wapita njia kuna nini huko juu, na wataniambia hakuna kitu, kwa sababu wana haraka."

Nilimtoa mtoto kulia nikamgeuzia kushoto, naye akalipokea kwa pupa kama kawaida yake, akaniegemea na uzito wake wote. Nikajikuta nami nimeegemea. Bega langu la kulia lilikuwa limekuja mbele. Nikalitazama bega hilo.

"Mama," nikasema, "ukiwa unarudi, ile milango inakuwa wapi?"

"Kulia. Kwa hiyo nawapa watu mgongo. Hilo nalo nimeliwaza, ni aibu nyingine."

"Lakini mkono unaotoa mkate utakuwa wa kulia. Ukiinama huko, uzito unaenda kule kule Koplo anakotaka." Akaacha kukanda. Nikaona nimeshafika mbali, bora nimalize. "Uliniambia nianze na upande asioutaka, akiwa na njaa. Na wewe panda mpaka juu bila kusimama. Anza na wakata mawe. Halafu hawa uwape ukiteremka."

Mama mkwe alinitazama, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amefumba macho kwa raha.

"Kinyozi atakufa," alisema.

Kisha akaanza kuutukana unga.

Jioni alimwomba mwanawe asubuhi moja tu. Mume wangu alisema jirani ameshaambiwa. Mama yake akamjibu kuwa mwezi haujaisha, na kwamba fundi aliyeahidi kitu mwisho wa mwezi haleti tarehe nyingine, labda kama ni viatu vya watu. Mume wangu akamkubalia; wateja wake wote ni mashahidi wa neno hilo. Alama ya Wifi ilikandwa kwa maji ya chumvi, na asubuhi Koplo aliipapasa, akaona haina joto wala haimuumi, akatandika.

Tukaanza kukwea. Kinyozi alikuwa kizingitini na sahani yake. Mama mkwe alimkaribia, akamfikia, akampita. Hakugeuza bega. Aligeuza kidevu tu, kidogo sana, akasema, "Nakuja." Kinyozi alibaki ameishika sahani kama mtu aliyeachwa na ndoa mlangoni. Fundi saa akaita jina la mkate anaoupenda. "Nakuja," akajibiwa. Mama wa mapacha aliwainua wote wawili wasifiwe. "Nakuja, wazuri nyote." Njia nzima ilitoka nje kutazama mama mwoka mikate akipita na mikate ya moto bila kumpa mtu hata kipande, mgongo umenyooka, kitufe chekundu katikati ya masikio ya farasi. Nyuma yake nilikuwa nasikia minong'ono. Mmoja alisema kuwa zahanati wamemrudisha na maringo.

Najua ilivyomgharimu. Nilikuwa naona kisogo chake. Kila mlango kilikuwa kinatetemeka kidogo, kama cha mtoto aliyeambiwa asitazame.

Juu, wakata mawe walipata mikate ya moto kwa mara ya kwanza tangu jiko lao lijengwe. Walikuwa wanajua mkate kama kitu cha vuguvugu. Walikula wamesimama, na mpishi wao akamuuliza mama mkwe kama leo kuna sherehe.

Kisha tukateremka. Korongo likawa kushoto kwake pamoja na miguu yake, na milango ikawa kulia. Hatamu mkono wa kushoto, mkate mkono wa kulia. Koplo alimwambia arudishe bega nyuma zaidi kwa sababu ya mteremko, akarudisha. Akifika mlangoni anasimamisha, anauinamisha mkono kulia, paja linazama kwenye tandiko badala ya kutoka, mguu wa kushoto unaning'inia kwenye kikuku bila kazi. Na kwa kuwa hakuweza kuwageukia watu mwili mzima, watu ndio waliokuja karibu na bega la farasi, wakiinua uso, wakimweleza habari kwa sauti ya chini. Niliona akifurahia jambo hilo kuliko alivyotaka tuone.

Uani, mume wangu alilifungua tandiko mwenyewe. Koplo akamzuia kidogo, akamwambia atazame kwanza kabla hajafuta. Jasho lilikuwa limechora mgongo wa Wifi michirizi miwili, mmoja huku, mmoja huku, na katikati juu ya uti kukavu. Mume wangu aliinama. Akapima michirizi ile kwa viganja vyake, kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena, kama anavyopima nyayo za mteja asiyemwamini. Ilikuwa sawa. Alama ya jana haikuongezeka.

Wifi alichukua nafasi hiyo kumvua kofia.

"Mwamkie shangazi yako," mama mkwe akasema, akaingia ndani kunywa chai.

Mume wangu aliokota kofia, akaenda kwa jirani kumwambia asije. Aliporudi alipitia chumbani, na alipotoka alikuwa na kitu chini ya kwapa kilichofungwa kwenye gazeti. Mpaka leo anadai kwamba ni kazi ya mteja. Juu ya kabati hakuna tena viatu vyangu vya harusi, nami sijauliza. Mtu anayefumua kazi yake mwenyewe anahitaji utulivu.

Sasa njia yetu ina kawaida mpya. Wa juu wanakula moto, wa chini wanakula vuguvugu, na wa mwisho kabisa ni kinyozi, ambaye husema kwa kila anayekaa kwenye kiti chake kwamba yule mama amekuwa na maringo sana siku hizi, hageuzi hata shingo, utadhani anakwenda gwaride. Habari hizo mama mkwe alizileta yeye mwenyewe, saa ya chai, pamoja na nyingine za njia nzima. Nilimuuliza kama hazimuudhi.

"Mwache aseme," akanijibu, akikitazama kitufe chake. "Hebu nipe huyo mtoto, na wewe ukae sawa. Umeanza tena kwenda kushoto."